Msumeno Kibogoyo

Siku shemeji alipokuja kudai msumeno, mshonaji alikuwa na pini tano mdomoni na pazia la mteja mapajani. Hakuweza kujibu upesi. Huo ukawa ushindi wa kwanza wa shemeji, maana yule mtu ukimwachia nafasi ya kusema, hakurudishii.

"Sikuja kugombana," alisema, akaketi kwenye kiti cha marehemu kaka yake bila kukaribishwa. "Nimekuja kukumbusha tu. Kesho kutwa, Jumamosi, mafundi wanagawana vifaa vya kaka. Randa, patasi, nyundo, vyote viko karakana, sina neno navyo. Lakini kuna msumeno mmoja umefichwa humu ndani."

Nyuma yake alisimama wifi, dada wa marehemu, mikono kiunoni, akikagua chumba kama mtu aliyekuja kukipanga.

Mshonaji akatema pini kiganjani, moja moja. "Haujafichwa, shemeji. Uko juu ya kabati, kwenye mfuko wake. Na ule si wa kazi. Ule kaka yako alikuwa anaupiga."

"Anaupiga!" Wifi akacheka. "Ulimkosea nini?"

"Anaupiga kama kinanda. Wewe mwenyewe umewahi kumsikia."

"Nilisikia kitu kinalia, nikadhani mna mgonjwa."

Pale karakana palikuwa na utaratibu wa siku nyingi, wala hakuna aliyejua nani aliuanzisha. Fundi akifa, vifaa vyake havibaki nyumbani kuliwa na kutu. Vinalazwa juu ya meza ndefu, na mafundi waliofanya kazi naye huchagua kimoja kimoja, ndugu yake wa damu akitangulia. Kisicho kifaa cha kazi, yaani redio, saa, koti, hubaki kwa mjane na watoto. Miaka yote hiyo hapakuwahi kutokea ubishi kuhusu kipi ni kipi. Redio ni redio.

"Msumeno ule ulikuwa wa baba yetu," shemeji akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikashuka. "Mimi ndiye niliyekuwa nashika ncha ya ubao yeye akikata, nikiwa na miaka saba. Unga wa mbao ukiniingia machoni sithubutu kujifuta. Nimekwenda kutafuta kazi mbali, nimerudi, nakuta chuma cha baba kimefanywa mwanasesere."

Pembeni ya cherehani alikaa binti wa nyumba ile, mwenye miaka kumi na mitano, akishona vifungo. Marehemu baba yake alimwita Kasuku, kwa utani, kwa sababu neno moja lilimchukua mtoto yule muda wa wenzake kumaliza habari nzima. Kigugumizi kilianza zamani, na tangu msiba kilizidi hata akawa anaomba chumvi kwa kidole.

"Si mwa-mwa-mwa..." akaanza.

"Mngojeni amalize," wifi akasema. "Tuleteeni na magodoro."

Kasuku akarudi kwenye vifungo vyake. Mama yake alikuwa na mengi ya kumwambia wifi, lakini nusu ya kodi ya chumba ilitoka kwa mapazia ambayo wifi alimletea kutoka kwa wateja wake. Mdomo wake ulikuwa umezoea kushika pini.

Shemeji akainuka. "Basi, tusichoshane. Jumamosi tutauweka kwenye ubao mbele ya Fundi Mkuu. Ukikata, ni kifaa, na ni wangu. Usipokata, mbaki nao, mlie nao mpaka mchoke. Ni haki hiyo au si haki?"

Hapo Kasuku akatabasamu. Akainamisha uso kwenye kifungo chake, lakini mama alikuwa ameshaliona lile tabasamu. Alijua linatoka wapi, na moyo wake haukufurahi hata kidogo.

Tabasamu lile lilitoka kwenye siri ya nyumba. Miaka mitano nyuma, mume wake alikaa pale mlangoni na tupa, akafuta meno yote ya ule msumeno, moja baada ya jingine, jioni tatu mfululizo, mpaka makali yakawa laini kama ukingo wa meza. Mshonaji alimgombeza mpaka jirani akaja kusikiliza. "Msumeno mzima unaufanya kibogoyo! Una akili wewe?" Naye mume, magoti yamejaa vumbi la chuma, akajibu, "Wenye meno ni wengi, mke wangu. Huu nataka usiume mtu."

Msumeno kibogoyo haukati ubao. Haukati hata mkate. Kasuku aliijua Jumamosi kabla haijafika.

Wazazi wenzangu, msije mkadhani mama huyu hakumpenda mwanawe. Alimpenda hata akawa hapati usingizi, na hapo ndipo ubaya wote ulipoanzia.

Kwanza ilikuwa ile sauti. Kila siku Kasuku alikaa kwenye kigoda, akabana mpini katikati ya magoti, akaupinda ule msumeno kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akaupitishia upinde wa mwanzi wenye nyuzi za kuvulia samaki. Chuma kikaimba. Kilipanda na kushuka bila kukatika, kama mtu anayevuta pumzi asiifikie mwisho. Mume wake alipokuwa hai, mshonaji aliweza kuivumilia. Sasa kila ilipoanza, alisimamisha cherehani na kuangalia mlango, akasahau kwa sekunde moja, kisha akakumbuka. Mara tatu kwa siku alifiwa upya.

Halafu majirani. Wa chumba cha pili aligonga ukuta: "Bado hajapona mgonjwa wenu?" Watoto wa uani walimwita binti yule Msumeno, wakamfuata wakipiga mluzi.

Lakini kilichomvunja kabisa ni mgeni wa Jumanne, siku mbili kabla shemeji hajaja. Alikuja mwalimu wa muziki, mwanamke wa makamo, mwembamba, begi begani. Alikuwa amemsikia Kasuku akipiga siku shule ilipofunga muhula uliopita.

"Kituo chetu cha muziki kinachukua vijana wanne tu mwaka huu," alisema. "Namtaka huyu. Masomo bure, chakula cha mchana bure. Sharti ni moja, aje na ala yake mwenyewe. Jumatatu asubuhi."

"Ala gani? Anayo ala huyu?"

"Si ule msumeno?"

"Msumeno ni msumeno, mwalimu."

"Mama, piano nayo ni sanduku la mbao na nyaya. Angekuwa nalo mchuuzi angefugia kuku. Mtu ndiye anayeamua."

Kasuku alimtazama yule mwalimu kama mtu mwenye kiu anayetazama maji.

"Na akimaliza, anakuwa nani?" mama akauliza.

"Mpigaji."

"Wa wapi? Wa kwenye sherehe za watu? Arudi saa ngapi, na nani?"

"Mimi ni mpigaji, mama. Nina miaka ishirini kwenye kazi hii, na kama unavyoona, sijafa njaa."

Mshonaji akamtazama kuanzia kichwani kushuka chini, akafika kwenye viatu. Kisigino cha kulia kilikuwa kimelika upande mmoja, na kile cha kushoto kimegandishwa kwa gundi ya mbao. Kwake yeye mjadala uliishia pale. Akasema, "Tutaona," neno ambalo mwenye akili anajua maana yake ni hapana. Kasuku hakulielewa. Tangu siku ile alianza kuuimbisha ule msumeno kutwa mara sita.

Kumkataza waziwazi mama hakuthubutu. Angeanzaje? Baba alikufa, akaacha kitu kimoja tu chenye sauti, na mama aje akizime? Mtoto angemchukia mpaka kaburini. Lakini kama angekichukua baba mdogo, mbele ya mafundi, kwa utaratibu wa karakana? Hapo nani angemlaumu mama?

Ukikata, ni kifaa.

Ijumaa saa nne asubuhi, Kasuku akiwa shule, mshonaji alipanda kiti akashusha ule mfuko juu ya kabati. Aliushona yeye mwenyewe, kwa mabaki ya pazia la kijani, mume wake alipomwomba. Akauweka kwapani kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake, akaenda kwa mnoaji wa pale kona.

Mnoaji alikuwa na kijiwe chake chini ya bati, kisu cha mpishi mkononi. Akautoa msumeno, akaugeuza, akapitisha kidole gumba.

"Huu nini?"

"Si unauona? Msumeno."

"Huu ulikuwa msumeno. Sasa ni bibi yangu. Hana hata jino moja."

"Basi mpe bibi yako meno."

Mnoaji akacheka, lakini akaendelea kuutazama. Akausogeza kwenye mwanga. "Mama, huu haukuisha kwa kazi. Ungeisha kwa kazi ungekuwa na mapengo huku na huku. Huu umefutwa. Mtu amekaa chini na tupa, kaufuta kwa upole kabisa. Mwenyewe yuko wapi?"

"Amefariki."

"Na alijua anachofanya?"

"Kwani wewe unanoa au unahoji?"

"Nanoa, mama, nanoa." Akaubana kwenye jiriwa. "Meno mapya ni kazi ya asubuhi nzima. Utangoja?"

"Nitangoja."

Akangoja juu ya kopo la rangi lililopinduliwa. Tupa ya pembetatu ikaanza kwenda na kurudi. Kila jino lilipotokea lilitoa ukelele mdogo, na mshonaji akajikuta amekunja vidole vya miguu ndani ya kandambili. Alijisemea kwamba anauondolea aibu tu. Kwamba kifaa cha mkwe wake hakistahili kwenda mbele za watu kikiwa kibovu. Alijisemea mengi, na yote yalikuwa ya busara, na hakuna hata moja ambalo angeweza kumwambia binti yake.

Mnoaji alipomaliza alichukua kipande cha ubao, akavuta mara tatu, kikaanguka chini.

"Haya. Huyu sasa anatafuna mifupa."

Kasuku alirudi shuleni mbio, akaweka daftari, akanyoosha mkono juu ya kabati.

"Leo usiupige," mama akasema bila kugeuka.

"Ki-ki-kidogo tu."

"Nimesema leo usiupige. Shangazi yako anapita hapa kuchukua mapazia. Tusimpe la kusema. Kesho utaupiga mbele yao wote."

Mtoto akashusha mkono. Hakununa. Alikunja sketi yake ya buluu, ile mpya ambayo mama alimshonea, akaipiga pasi kwa kesho. Walipokaa kunywa chai, akasema sentensi ndefu kuliko zote alizosema tangu msiba.

"Mama, ke-kesho baba mdogo ataona a-aibu mpaka nimhurumie."

"Kunywa chai, itapoa."

Alikuwa bado anaweza kusema. Wanasema mtu huwa anajua saa ambayo angeweza kurudi nyuma. Yeye aliijua. Ilikuwa na mvuke wa chai, na mtoto mbele yake anacheka peke yake. Akainuka akaosha vikombe.

Jumamosi meza ndefu ya karakana ilikuwa imefagiliwa maranda yote, na juu yake vifaa vya marehemu vimepangwa kwa urefu wake, kuanzia randa kubwa hadi penseli. Fundi Mkuu alikaa kwenye ncha, mzee mfupi aliyepungukiwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Mafundi sita walisimama pembeni. Mshonaji na Kasuku walipewa benchi. Wifi alikuja na kiti chake mwenyewe.

Ugawaji ulikwenda vizuri. Kila aliyechagua alikigonga kifaa juu ya meza mara moja, kumwambia marehemu kimepata mkono mwingine, kisha akarudi nyuma. Shemeji alisamehe zamu yake ya kwanza.

"Mimi changu hakijaletwa mezani," alisema. "Kile pale, mapajani kwa yule msichana."

Macho yote yakageukia mfuko wa kijani.

"Huo ni nini?" Fundi Mkuu akauliza.

"Ni a-a-a..." Kasuku akavuta pumzi. "Ala."

"Ala!" shemeji akasema. "Wazee, kama kila kinacholia ni ala, basi kitanda changu nacho tukiandikishe bendi."

Mafundi wakacheka. Mmoja akaongeza, "Na mke wangu!" Wakacheka tena. Mshonaji akaona shingo ya mwanawe inabadilika rangi.

Fundi Mkuu hakucheka. "Umegusa neno zuri, na mimi sijawahi kuulizwa hapa. Ngoma ni nini? Ni ngozi ambayo ingekuwa viatu. Filimbi ni nini? Mwanzi ambao ungekuwa uzio. Vyote vilikuwa na kazi nyingine, mtu akavitoa kwenye ile kazi, akasema wewe kazi yako sasa ni kulia tu. Marehemu alipiga msumeno, sote tumemsikia. Lakini fundi anaweza kupiga msumeno leo na kesho akakatia mbao. Huo bado ni kifaa, umecheza kidogo tu. Mimi nataka kujua jambo moja. Aliutoa kazini, au hakuutoa?"

"Tuuweke kwenye ubao," shemeji akasema. "Si tulikubaliana? Ubao hauna undugu."

Kasuku akainuka mwenyewe. Alitembea mpaka kwenye meza, kidevu juu, akafungua kamba ya mfuko, akauvuta msumeno nje kwa mpini, akaugeuzia watu upande wa makali ili wauone.

Yeye alikuwa wa mwisho kutazama. Aliona kwanza nyuso zao, kwamba hakuna aliyeshangaa. Kisha akashusha macho.

Jua la dirishani lilikuwa linang'aa kwenye kila jino.

Hakulia, wala hakupiga kelele. Alipitisha kidole pale, akakitoa haraka, akakitazama. Shemeji akauchukua mkononi mwake kwa upole tu, akaweka ubao, akakanyaga, akavuta. Mara sita, saba. Kipande kikaanguka sakafuni.

"Ubao umesema," akasema.

"Ha-ha-ha-hauku..." Kasuku akajaribu tena. "Ha-haukuwa..."

"Hauku, hauku, kuku!" wifi akasema. "Sema basi, mwanangu, au umeze."

"Kuna mwenye neno?" Fundi Mkuu akauliza. Hakumtazama mtu kwa jina, lakini macho yake yalipita kwenye benchi na kukaa kidogo. "Mwenye neno aseme sasa."

Mshonaji alikuwa na neno. Lilikuwa limelala juu ya ulimi, kama pini.

Hakulisema.

Basi Kasuku akamnyang'anya baba yake mdogo ule msumeno. Akavuta kigoda cha fundi mmoja, akaketi katikati ya karakana, akabana mpini katikati ya magoti kama alivyofundishwa, meno yakimwelekea yeye, akaupinda. Baba yake aliwahi kumwambia kwa nini aliyafuta: ili uweze kuukumbatia. Sasa aliukumbatia hivyo hivyo. Akautoa upinde kwenye mfuko wa kijani, akauweka kwenye mgongo wa chuma, akaanza.

Ule mlio haukuwa na tofauti yoyote. Meno hayakuubadilisha. Ulipanda mpaka kwenye bati la karakana, ukatetemeka pale, ukashuka, na mafundi waliokuwa wakicheka wakatazama mikono yao. Lakini mama hakuwa anasikiliza. Mama alikuwa anatazama sketi. Kila mtoto alipoupinda msumeno kutafuta sauti ya chini, meno yaliingia kwenye kitambaa. Alikijua kitambaa kile, alikikata mwenyewe, alijua kinaanzia kuchanika wapi. Uzi wa kwanza ukakatika, kisha wa pili, kisha ukatokea mstari mwembamba wa paja, na juu ya paja mstari mwingine, mwekundu. Kasuku hakusimama. Akaupinda zaidi.

"Niliyatia mimi!"

Msumeno ukanyamaza.

"Meno niliyatia mimi," mshonaji akasema. Alikuwa amesimama bila kujua. "Jana. Haukuwa na jino hata moja. Baba yake aliyafuta mwenyewe, sasa ni miaka mitano. Nimeupeleka jana saa nne kwa mnoaji wa kona. Mwiteni."

"Uongo!" shemeji akapiga meza. "Anamfichia mtoto! Mama gani anafanya hivyo?"

Lilikuwa swali hasa.

Fundi Mkuu akanyoosha mkono, Kasuku akampa msumeno. Mzee akapitisha kidole gumba polepole toka mpini hadi ncha. "Haya ni mapya," akasema. "Hayajala ubao mwingine zaidi ya ule mliouona. Nimeyaona tangu yalipotoka mfukoni."

"Sasa mbona ulikaa kimya, mzee?" fundi mmoja akauliza.

"Nilikuwa namngoja mwenyewe. Amechelewa, lakini amefika." Akamrudishia Kasuku. "Fundi aliutoa kazini kwa mkono wake. Asiye fundi hawezi kuurudisha. Hii ni ala. Inabaki na mpigaji."

"Ulikuwa wa baba yangu," shemeji akasema, si kwa ukali tena. Akainama, akaokota kile kipande cha ubao kilichokatwa, akakipangusa unga, akakiweka kwapani. Akatoka bila kuchagua kifaa chochote.

Wifi alichelewa kidogo kukunja kiti chake. Akapita mbele ya mshonaji, akasogeza mdomo karibu.

"Siku zote mawifi ndio wabaya," akasema. "Leo umetupumzisha, asante."

Zamu ya mwisho ilikuwa ya Fundi Mkuu. Angeweza kuchukua randa kubwa. Alichukua tupa, akaigonga juu ya meza mara moja, kisha akaiweka ndani ya mfuko wa kijani.

Njiani mtoto alitangulia hatua ishirini. Mama alipoongeza mwendo, mtoto aliongeza. Alipopunguza, mtoto hakupunguza.

Jumapili baada ya chai, ambayo hakuinywa, Kasuku alikaa mlangoni, mahali pale pale alipokaa baba yake, akaulaza msumeno magotini juu ya gunia, akaanza kufuta. Krrr. Krrr. Krrr. Sketi ya buluu alikuwa ameishona mwenyewe, kwa uzi mweusi, mishono mikubwa kama ya gunia.

"Uzi mweusi kwenye nguo ya buluu!" mama akasema. "Na mimi nipo hapa na cherehani. Lete niishone vizuri."

Krrr. Krrr.

"Kidonda umekiosha?"

Krrr.

"Nikushikie ncha? Utachoka. Baba yako alitumia siku tatu."

Mtoto akageuka, akampa mgongo. Mshonaji akarudi kwenye cherehani, akakanyaga kwa nguvu ili asisikie. Baada ya mapazia mawili akaacha. Alitaka kumwambia kuhusu viatu vya yule mwalimu, kuhusu usiku anaokaa macho akiwaza, kuhusu ule mlio unavyomfanya atazame mlango. Alianza. "Mwanangu, mimi niliogopa." Tupa haikusimama. Alisema tena, "Niliogopa tu." Jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta: "Hodi humo! Leo mgonjwa anasaga meno?" Katika nyumba nzima hapakuwa na aliyecheka.

Saa kumi na moja ule mlio wa tupa ukakoma. Kasuku akapangusa msumeno kwa kitambaa cha mafuta, akauweka mezani, akaenda uani kunawa vumbi la chuma. Kesho asubuhi alikuwa anakwenda nao kituoni. Hakuwa ameomba ruhusa, wala mama hakuwa na ubavu wa kusema ameikataa.

Mshonaji akasogea. Akaweka kidole gumba kwenye ncha, akakipitisha pale palipokuwa na meno. Laini. Laini zaidi hata ya kazi ya baba yake. Kidole kikateleza chote, kikakaribia mpini, na hapo kikakwama.

Kasuku alikuwa amesimama mlangoni, maji yakimdondoka mikononi.

"Moja umelisahau," mama akasema.

"Sikulisahau." Lilitoka zima, halikukatika popote. "Hilo ni lako."

Akauchukua msumeno, akautia kwenye mfuko wa kijani, akafunga kamba. Mshonaji akatazama kidole chake, akaona tone la damu limeshajaa, linatafuta pa kuangukia. Akakitia mdomoni upesi, asije akachafua pazia la mtu.